Jinsi ya Kukabiliana na Hali ya Hewa ya Machi na Aprili katika Mji Mdogo wa Missouri

Kirksville ni mji wa watu wapatao 17,500 kaskazini mwa jimbo la Missouri, nchini Marekani. Katika miaka ya karibuni umepokea familia nyingi kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zikiwamo zinazozungumza Kiswahili nyumbani, na wengi wa watu wazima huajiriwa katika kiwanda cha nyama ya nguruwe kilichoko Milan, mji mdogo zaidi ulioko upande wa magharibi. Maelekezo haya yameandikwa kwa ajili yao, na kwa yeyote anayeukabili mwezi wa Machi kwa mara ya kwanza katika miji ya aina hiyo, iwe Missouri, Iowa au Illinois. Januari haina utata: ni baridi, na kila mtu huvaa kwa baridi. Utata huanza Machi na kuendelea hadi katikati ya Aprili, ambapo mtu hukwangua barafu kwenye kioo cha gari asubuhi, akavua koti mchana, akasikia radi jioni, na kesho yake akakuta theluji imelala juu ya majani yaliyoanza kuchipua. Katika majira hayo swali la kujiuliza kila asubuhi si "leo kukoje?" bali "leo kutabadilika saa ngapi?"

Kigeugeu hiki kina sababu. Kati ya Kanada na Ghuba ya Meksiko hakuna safu ya milima iliyolala kutoka mashariki hadi magharibi ambayo ingeweza kuzuia hewa. Milima ya Rocky, iliyoko mbali upande wa magharibi, imelala kutoka kaskazini hadi kusini, kwa hiyo nchi yote ya katikati imebaki kama ukumbi mrefu uliofunguliwa milango ya ncha zote mbili. Hewa baridi na kavu hushuka kutoka Kanada, hewa ya joto yenye unyevu hupanda kutoka Ghuba, nazo hukutana juu ya mashamba ya Missouri na Iowa. Ifikapo Machi jua limeshaanza kuipasha moto ardhi ya kusini ilhali kaskazini bado kuna theluji, na tofauti hiyo ya joto huupa nguvu upepo wa anga za juu unaosukuma dhoruba kutoka magharibi kwenda mashariki, moja baada ya nyingine, kila baada ya siku chache. Dhoruba inapokaribia, upepo huvuma kutoka kusini na joto hupanda. Ikishapita, upepo hugeuka ukatoka kaskazini-magharibi na joto huporomoka, pengine ndani ya saa moja. Anayekumbuka jambo hili moja la upepo ameshaelewa nusu ya hali ya hewa ya eneo hili, na siku ya joto lisilo la kawaida mwezi wa Machi, hasa ikiwa na upepo mkali wa kusini, haitampumbaza. Ataichukulia kuwa ni taarifa ya kinachokuja.

Utabiri usomwe kwa saa

Programu nyingi za simu huonyesha picha moja kwa siku nzima: jua, wingu au tone la mvua, pamoja na namba mbili za joto. Kwa Machi picha hiyo ni ya kupotosha, na afadhali isitazamwe kabisa. Namba kubwa inaweza kuwa ya saa sita mchana na namba ndogo ikawa ya saa mbili usiku wa siku hiyohiyo, wala si ya alfajiri kama mtu angedhani. Chombo kizuri zaidi ni tovuti ya serikali, weather.gov, ambayo ni ya bure na haina matangazo ya biashara. Andika jina la mji na jimbo, kisha tafuta grafu ya saa kwa saa iliyoko sehemu ya chini ya ukurasa. Mstari mwekundu ni joto, wa kijani ni kiwango cha umande, yaani kipimo cha unyevu uliomo hewani, na wa zambarau ni upepo.

Tuchukue mfano wa siku moja ya mwishoni mwa Machi. Saa moja asubuhi mstari mwekundu uko kwenye nyuzi 41 za Farenhaiti, saa sita mchana umepanda hadi 66, na upepo unatoka kusini kwa kasi ya maili 20 kwa saa. Kufika saa kumi jioni mishale ya upepo inageuka na kuelekeza kwamba upepo unatoka kaskazini-magharibi, mstari mwekundu unaanguka hadi 44 katika muda wa saa mbili, na kabla ya alfajiri ya siku inayofuata umegusa 27. Kwa anayetoka kazini jioni, siku hii ni ya baridi, hata kama jirani alipita mchana akiwa na fulana. Kwa kuwa mvua itanyesha wakati mpaka wa hewa hizo mbili unapopita, na usiku joto litashuka chini ya 32, maji yatakayobaki barabarani yatakuwa barafu kabla ya watu wa zamu ya asubuhi kuondoka. Grafu hiyo inatosha kumwambia mtu avae nini, atoke saa ngapi, na kama mpira wa maji ulioko nje ya nyumba uachwe kwenye bomba au ufunguliwe kutoka humo.

Namba hizo ni za Farenhaiti, na aliyezoea Selsiasi anaweza kupata makadirio ya haraka kwa kutoa 30 kisha kugawanya kwa mbili: 50 inakuwa 10, ambayo ni sahihi kabisa, na 66 inakuwa 18, ambayo imekosea kidogo tu. Namba ya kukariri ni 32, mahali maji yanapoganda. Utabiri wa siku tatu hadi tano mbele ni wa kutegemewa. Ule wa siku 10 au zaidi usitumike kupanga jambo lolote la maana katika majira haya.

Mavazi

Koti zito la Januari ni zito mno kwa mchana wa Machi, na koti jepesi halitoshi asubuhi, ndiyo maana wenyeji huvaa nguo nyembamba kadhaa juu ya nyingine: fulana, sweta, na juu yake jaketi lisilopitisha maji wala upepo. Jaketi la juu ndilo la kununua kwa uangalifu, kwa kuwa upepo wa tambarare hizi hupenya sufu kirahisi na kulifanya joto la 40 lihisiwe kama 30. Jinzi na soksi za pamba zikilowa hukaa na maji kwa muda mrefu na kumchosha mtu kwa baridi, hivyo soksi za akiba ziwekwe ndani ya begi. Gambuti zinafaa kuliko viatu vizito vya theluji, kwa sababu Machi ni mwezi wa matope zaidi kuliko wa theluji. Mtoto aandikiwe jina ndani ya jaketi na kofia, kwani hutoka nyumbani amejifunika na kurudi mchana na fulana, na sanduku la vitu vilivyopotea shuleni hujaa majaketi kuliko mwezi mwingine wowote.

Barabarani

Barabara namba 6, inayotoka Kirksville kwenda Milan na kuvuka mto Chariton, ni mfano mzuri wa hatari za majira haya, kwa sababu watu wengi huipita kabla ya mapambazuko wakiwa wamejazana kwenye gari moja. Hatari ya kwanza ni barafu isiyoonekana. Theluji iliyorundikwa kando ya barabara huyeyuka mchana, maji yake yakatiririka juu ya lami, na usiku yakaganda kuwa utando mwembamba usio na rangi, unaofanana na lami iliyolowa tu. Madaraja huganda kwanza, kwa kuwa hewa baridi huyapitia juu na chini, ilhali barabara ya kawaida hupata joto kidogo kutoka ardhini. Ukiona lami inang'aa na kipimajoto cha gari kinaonyesha chini ya 35, punguza mwendo kabla ya kufika darajani, si ukiwa juu yake, na ukiwa juu yake usikanyage breki kwa nguvu wala usikate usukani ghafla. Gari likianza kuteleza, ondoa mguu kwenye mafuta na uelekeze usukani kule unakotaka kwenda.

Jambo la pili ni saa. Jumapili ya pili ya Machi Marekani husogeza saa mbele: ikifika saa nane ya usiku, inahesabiwa kuwa saa tisa. Kwa Kirksville hilo lina maana kwamba jua, ambalo lilikuwa limeshaanza kuwahi, linarudi kuchomoza karibu saa moja na nusu asubuhi, na barafu iliyokuwa ikiyeyuka kabla ya watoto kwenda shule inabaki barabarani hadi baadaye. Wiki hiyo ya kwanza watu wamepungukiwa na usingizi, giza limerudi, na lami haijayeyuka. Kutoka nyumbani dakika 20 mapema si woga.

Barabara za changarawe za vijijini zina tabia yake. Ardhi iliyoganda wakati wa baridi huyeyuka kuanzia juu, na tabaka la chini likiwa bado ni barafu, maji hayana pa kwenda, hivyo udongo wa juu hugeuka uji mzito unaomeza magurudumu. Siku yenye jua baada ya wiki ya baridi ndiyo mbaya zaidi. Anayeishi nje ya mji na ana gari dogo aliache karibu na lami, au apite asubuhi kabla udongo haujalainika.

Mafuriko nayo huja kwa njia hiyohiyo, kwa kuwa mvua ya Machi ikianguka juu ya ardhi iliyoganda hukimbilia mtoni moja kwa moja. Maji ya kina cha sentimita 15 yanayokwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinatosha kulibeba gari dogo. Maji yakiwa yamefunika barabara, geuza gari, hata kama lililokutangulia limepita.

Hewa ya tairi hupungua kadiri baridi inavyoongezeka, karibu pauni moja ya shinikizo kwa kila nyuzi 10 za Farenhaiti, ndiyo sababu taa ya tairi huwaka asubuhi na kuzimika mchana. Taa hiyo isipuuzwe kwa kuwa imezimika. Pima tairi asubuhi kabla gari halijatembea. Ndani ya gari kuwe na blanketi, chaja ya simu, maji ya kunywa, koleo dogo na mfuko wa mchanga wa kumwaga chini ya gurudumu lililokwama. Idara ya Usafiri ya Missouri ina ramani ya mtandaoni inayoonyesha kwa rangi barabara zilizofunikwa na theluji au maji. Itazame kabla ya kuwasha gari, kisha mwambie na dereva wa gari la pili.

Radi, mvua ya mawe na tonado

Hapa ndipo majira haya yanapotofautiana kabisa na msimu wa mvua wa Bukavu au Uvira, na ndipo mgeni anapohitaji kujipanga mapema kuliko kwa baridi yoyote. Tonado ni nguzo ya upepo unaozunguka kwa kasi kubwa, ikishuka kutoka kwenye wingu la radi hadi ardhini, na Missouri huzipata kila mwaka. Tarehe 27 Aprili 1899 tonado ilipita ndani ya Kirksville yenyewe ikaua watu zaidi ya 30. Tarehe 5 Machi 2022, mapema kuliko watu wengi wanavyotarajia, tonado kali iliua watu sita karibu na Winterset, mji mdogo wa jimbo jirani la Iowa. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2025 dhoruba ziliua watu wasiopungua 12 katika jimbo la Missouri.

Tahadhari hutolewa kwa Kiingereza kwa hatua mbili, na familia nzima ijue tofauti yake, wakiwamo wazee wasiosoma Kiingereza. Maneno "Tornado Watch" yana maana kwamba hali inaruhusu tonado kutokea katika saa zijazo: chaji simu, weka viatu karibu, jua kila mtu yuko wapi. Maneno "Tornado Warning" yana maana kwamba tonado imeonekana kwa macho au kwa rada, na unatakiwa kujificha sasa hivi, bila kutoka nje kutazama. Ujumbe wa hatua ya pili huingia kwenye simu kwa mlio mkali wa kipekee hata kama hukujiandikisha popote, mradi sehemu ya tahadhari za dharura haijazimwa kwenye mipangilio. Watu wengi huizima kwa kuchoshwa na mlio wake; iwashe tena leo.

Ving'ora vya mji vimewekwa kwa ajili ya watu walioko nje, na havikusudiwi kumwamsha aliyelala ndani na madirisha yamefungwa. Vilevile vinaweza kushindwa: tarehe 16 Mei 2025, tonado ilipoipiga St. Louis, ving'ora vya jiji havikulia. Kwa hiyo nyumba iwe na njia mbili za kupata habari, na njia ya pili iliyo bora ni redio ndogo ya hali ya hewa yenye betri, inayowaka yenyewe tahadhari inapotolewa. Ving'ora hufanyiwa majaribio kwa ratiba maalumu. Ulizia siku hiyo kwa jirani au ofisi ya mji, uwaeleze watoto, hasa wale waliokimbia vita, ili mlio huo usiwatie hofu siku ambayo hakuna kitu.

Mahali pa kujificha ni chumba cha chini ya ardhi. Kama hakuna, tumia chumba kidogo cha ghorofa ya chini kisicho na dirisha, mara nyingi bafu au kabati la nguo, huku mmejifunika kwa godoro na kila mtu amevaa viatu, kwa kuwa baada ya dhoruba sakafu huwa imejaa vioo na misumari. Wanaoishi katika nyumba za trela wasibaki humo hata kidogo, hata kama trela imefungwa kwa minyororo. Waelewane mapema na rafiki, kanisa au jirani mwenye nyumba imara, na waende huko wakati wa hatua ya kwanza, kwa kuwa hatua ya pili huacha dakika chache tu. Aliyeko njiani asijifiche chini ya daraja la barabara, kwani upepo hubanwa hapo na kuongezeka kasi.

Dalili moja inaweza kusomwa na mtu yeyote: mstari wa kijani kwenye grafu ukipanda kufikia 60 mwezi wa Machi, hewa imejaa unyevu wa Ghuba. Ikiwa siku hiyohiyo utabiri unaonyesha upepo utageuka na kuanza kutoka kaskazini-magharibi, tegemea radi.

Nyumbani

Hita isizimwe moja kwa moja kwa sababu ya siku tatu za joto. Ipunguzwe tu, ili usiku wa baridi unaporudi mabomba yasigande. Mpira wa kumwagilia ufunguliwe kutoka kwenye bomba la nje kila unapomaliza kuutumia, kwa kuwa maji yaliyobaki ndani yake yakiganda hupasua bomba ndani ya ukuta, na mwenye nyumba anaweza kumdai mpangaji. Kama chumba cha chini kina pampu ya kutolea maji, mwaga ndoo ya maji kwenye shimo lake uone kama inawaka.

Umeme ukikatika wakati wa dhoruba, usiingize mbabula au jiko lolote la makaa ndani ya nyumba wala ndani ya gereji, hata mlango ukiwa wazi. Wengi wetu tulikulia katika nyumba zinazopitisha hewa kila upande, ambamo moshi ulipata pa kutokea. Nyumba za huku zimezibwa ili zihifadhi joto, na monoksidi ya kaboni, ambayo haina rangi wala harufu, huua familia ikiwa usingizini.

Kuhusu bili, Missouri ina kanuni ya majira ya baridi inayozuia kampuni zinazosimamiwa na jimbo kumkatia mtu umeme au gesi ya kupashia nyumba joto pindi utabiri wa joto uko chini ya 32, na kanuni hiyo hufanya kazi kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi tu. Aprili inaweza kuwa na theluji, lakini haina ulinzi huo. Mwenye deni apige simu mwezi wa Machi, aombe kulipa kwa awamu.

Bustani

Joto la kwanza humshawishi kila mkulima, na hapa ndipo hasara huanzia. Mwaka 2007 Machi ilikuwa na joto jingi, miti ikachanua mapema, kisha katika wiki ya Pasaka ya mwezi wa Aprili baridi kali ikarudi na kuharibu ngano, pichi na zabibu katika Missouri na majimbo jirani. Mimea igawanywe mara mbili. Ya kuvumilia baridi, kama sukuma wiki, kabichi, spinachi, njegere na vitunguu, inaweza kuingia ardhini mwishoni mwa Machi au mapema Aprili, na viazi mviringo wenyeji wengi huvipanda karibu na tarehe 17 Machi, Sikukuu ya Mtakatifu Patrick. Ya joto, yaani nyanya, maharage, biringanya, pilipili na lengalenga, isubiri hadi tarehe 10 Mei hivi kwa upande huu wa kaskazini, hata kama duka limeanza kuuza miche mwezi wa Aprili. Duka huuza miche inapotakiwa na wateja, na mche ukifa mteja hurudi kununua mwingine.

Kabla ya kupanda chochote, chukua udongo mkononi uufinyange: ukibaki donge linalonata, usilime, kwa kuwa udongo mzito wa eneo hili ukilimwa ukiwa umelowa hukauka na kuwa matofali hadi kiangazi. Usiku ambao anga ni safi, upepo umetulia na utabiri unasema 36 au chini ya hapo, baridi ya juu ya ardhi inaweza kufika kiwango cha kuganda ingawa namba haionyeshi hivyo. Funika miche kabla jua halijazama kwa shuka kuukuu iliyoshikiliwa na vijiti isiguse majani, ikishuka hadi chini ili izuie joto la udongo lisitoroke, na uizungushie mawe pembeni. Plastiki inayogusa majani huyaunguza kwa baridi, hivyo isitumike bila vijiti. Asubuhi, joto likishapita 40, ondoa shuka, uianike, na uiweke mahali pa karibu, kwani itahitajika tena kabla ya mwezi kwisha.